Gari la vita la Farao halikuwa kifaru

Kila baada ya miezi kadhaa picha ile ile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: gurudumu limeota matumbawe chini ya bahari, mzamiaji analimulika kwa tochi, na maandishi mekundu yanatangaza kwamba magari ya Farao yamepatikana Bahari ya Shamu. Wa kwanza anajibu "Amina". Wa pili anauliza mbona taarifa ya habari haijasema. Wa tatu anamjua anayeficha. Ikifika jioni watu wameshagombana, na ukiwasikiliza vizuri utaona hakuna anayejua hilo gari lenyewe lilifananaje. Lilikuwa la chuma au la mti? Lilipanda watu wangapi? Lilipiganaje?

Tuimalize picha kwanza. Madai ya magurudumu hayo yalianza kuenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Ron Wyatt, Mmarekani aliyekuwa muuguzi na ambaye hakusomea akiolojia. Alisema ameyaona kwenye Ghuba ya Akaba, upande wa Nuweiba. Hakuna gurudumu hata moja la huko lililofikishwa kwenye jumba la makumbusho likachunguzwa na wataalamu wasio wa kundi lake. Mwaka 2014 ikaja habari nyingine, kwamba wanaakiolojia wamekuta mabaki ya jeshi zima baharini. Hiyo ilitungwa na tovuti ya mzaha, watu wakaisambaza bila kuangalia imetoka wapi. Anayeamini sura ya 14 ya Kutoka hahitaji picha hiyo, na asiyeamini haitambadilisha.

Kinachonikera zaidi ni taswira iliyojificha nyuma ya picha hizo. Wengi tunaliwaza gari la vita kama kifaru cha jeshi: zito, limevikwa chuma, linaparamia watu na kuwasaga. Filamu zimetuzoesha hivyo. Ukweli ni kinyume chake. Silaha kubwa ya gari la vita ilikuwa wepesi wake, na kilichoyaua magari hayo nacho kilitokana na wepesi huo huo na gharama ya kuupata.

Kwa hiyo tukubaliane maana. Katika makala haya, gari la vita ni chombo cha magurudumu mawili yenye spoki, kinachokokotwa na farasi wawili au zaidi wanaokwenda kasi, na waliomo ndani wamesimama. Ukiondoa spoki, unabaki na mkokoteni. Ukiondoa farasi, kasi inapotea. Na waliomo wakikaa vitini, hilo ni gari la kusafiria, mfano wa lile alilopanda towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume, akisoma kitabu cha nabii Isaya njiani. Huwezi kusoma juu ya gari la vita. Linakurusha.

Gurudumu kwanza

Magurudumu ni ya kale kuliko magari ya vita kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, kuna kisanduku kilichopambwa kwa vipande vya kombe na mawe ya buluu, kilichochimbwa kwenye makaburi ya Ur, kusini mwa Iraki ya leo. Ni cha takriban mwaka 2500 KK. Upande mmoja umechorwa vita: magari ya magurudumu manne yamepangwa mstari, na chini ya miguu ya wanyama wamelala maadui uchi. Watu huonyesha picha hiyo wakisema haya ndiyo magari ya vita ya kwanza duniani. Ukitazama magurudumu utaona ni mbao tupu zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, hazina tundu wala spoki. Chombo cha namna hiyo ni kizito, na kwa magurudumu manne yasiyokunja kona, kukigeuza ni shughuli pevu.

Hata wanyama wenyewe si farasi. Maandishi ya wakati huo yanamtaja mnyama wa thamani aliyeitwa kunga, na kwa miaka mingi wataalamu walibishana ni nani. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa vinasaba kutoka mifupa iliyozikwa kwa heshima huko Umm el-Marra, Syria. Kunga alikuwa chotara, mama yake punda wa kufugwa, baba yake punda-mwitu wa Syria, jamii ambayo leo imetoweka. Machotara hao hawakuzaa. Kila kunga mpya ilibidi atafutiwe upya baba wa porini, mnyama mwenye kasi na hasira asiyekubali kukamatwa. Unaweza kuelewa kwa nini bei yao ilikuwa ya kifalme, na kwa nini farasi alipofika waliachwa.

Farasi alitoka kaskazini. Vinasaba vinaonyesha kwamba farasi wote wa kufugwa wa leo wanatokana na wale wa mbuga za nyasi kaskazini mwa milima ya Kaukazi, waliosambaa kwa kasi kuanzia takriban mwaka 2200 KK. Muda mfupi baadaye, karibu na mwaka 2000 KK, watu wa utamaduni unaoitwa Sintashta, kusini mwa milima ya Ural nchini Urusi, walikuwa wakiwazika wakubwa wao pamoja na farasi na magari. Mbao zimeoza zamani. Lakini kabla ya kuzika, walichimba vijishimo viwili kwenye sakafu ya kaburi ili magurudumu yasimame imara, na udongo ulipojaa mle ndani ukabaki na alama za spoki kama zilivyokuwa. Ushahidi wa zamani kabisa tulio nao wa gurudumu la spoki ni hizo alama za udongo.

Spoki zilibadilisha kila kitu, na fundi baiskeli yeyote anajua sababu. Sehemu kubwa ya gurudumu lake ni hewa. Uzito wote unashikwa na vijiti vyembamba vinavyovutana na rimu, na bado linabeba mtu na gunia la mkaa. Magurudumu ya kale yalifuata kanuni inayokaribia hiyo kwa mti na ngozi. Gurudumu jepesi maana yake farasi wawili wadogo (farasi wa enzi hizo walikuwa wafupi kuliko wengi wa leo) waliweza kukimbia na watu wawili nyuma yao bila kuchoka upesi.

Hapa niondoe dhana nyingine inayosikika sana. Farao Khufu, aliyejengewa piramidi kubwa ya Giza takriban mwaka 2560 KK, hakuwa na gari la farasi. Misri ya wakati wake haikuwa na farasi. Farasi na gari vilifika huko karibu miaka 900 baadaye, katika kipindi cha Wahiksosi, watawala wenye asili ya Asia waliokalia eneo la Delta kutoka mji wa Avaris. Vitabu vya zamani vilisimulia kwamba Wahiksosi waliivamia Misri ghafla kwa magari ya vita. Uchimbaji wa Avaris unaonyesha habari ya kawaida zaidi: watu waliohamia polepole, wakafanya biashara, wakaongezeka, kisha wakashika madaraka. Wamisri walijifunza gari kwao, na takriban mwaka 1550 KK Farao Ahmose akawafukuza huku naye akiwa na magari yake.

Ndani ya gari la Tutankhamun

Tunayajua magari ya Misri kwa undani kwa sababu ya kijana mmoja aliyekufa takriban mwaka 1323 KK. Howard Carter alipofungua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922 alikuta magari sita, yote yakiwa vipande vipande. Njia ya kuingilia kaburini ilikuwa nyembamba, kwa hiyo waliozika waliyafungua, na ekseli wakazikata kwa msumeno ili zipite. Sehemu za ngozi zilikuwa zimeyeyuka kwa unyevu wa karne nyingi, zimegeuka ujiuji mweusi wa kunata. Leo magari hayo yako katika Jumba Kuu la Makumbusho la Misri huko Giza, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025 karibu na mapiramidi.

Litazame gurudumu lake. Lina spoki sita, lakini fundi hakuchonga vijiti sita akavichomeka. Alichukua fito sita, kila moja akaipinda kwa joto na unyevu mpaka ikawa na umbo la V. Kisha akazipanga V hizo zizunguke kitovu, ncha za ndani zikikutana, na kila mkono wa V ukaunganishwa kwa gundi na mkono wa V jirani. Kwa hiyo kila spoki ni nusu mbili zilizogandishwa pamoja, na hakuna spoki inayoweza kuchomoka peke yake. Kitovu kikafungwa kwa ngozi mbichi iliyoloweshwa. Ngozi mbichi ikikauka hujikaza, na hapo hakuna msumari unaohitajika. Nje ya rimu ikavalishwa tairi la ngozi.

Ekseli iliwekwa nyuma kabisa ya kisanduku cha kusimamia, si katikati. Hilo lilifanya gari litulie kwenye kona kali, na sehemu ya uzito wa waliomo ikaegemea mti wa katikati unaofika kwenye nira ya farasi. Sakafu haikuwa ya mbao. Ilisukwa kwa kamba za ngozi kama kitanda cha kamba, ikanesa kidogo chini ya miguu, na mnesa huo ndio ulimwezesha mpiga mishale kulenga gari likiwa mbioni. Nakala zilizojengwa na watafiti kufuata vipimo vya magari ya aina hiyo hazikufika kilo 40. Picha za makaburini zinaonyesha fundi mmoja amebeba kisanduku begani.

Sasa uliza mbao zilitoka wapi. Misri haina miti ya kutosha yenye ubora huo. Katika magari ya Misri wataalamu wametambua mbao za miti ya nchi za baridi, na maganda ya mti uitwao betula, ambao hauoti popote karibu na mto Nile, yakitumika kufungia na kukinga maungio yasilowe. Ni chombo kilichohitaji biashara ya nchi nyingi kabla hakijapiga hatua moja.

Na ndiyo maana niliposema kuhusu picha za baharini sikuwa nabisha kwa ubishi tu. Mti mwembamba, gundi ya wanyama na ngozi mbichi: vitu vyote hivyo unyevu ndio adui yao.

Lilipiganaje basi?

Dhana ya gari kuparamia mstari wa askari ina kasoro moja kubwa, nayo ni farasi mwenyewe. Farasi hakubali kujitupa kwenye ukuta wa watu walioshika mikuki. Akilazimishwa akaanguka, mti wa katikati unavunjika, mwenzake anakwama, na waliomo ndani wanatupwa nje katikati ya maadui. Hakuna mfalme mwenye akili aliyetumia chombo cha gharama hiyo kama rungu.

Gari la Misri lilibeba watu wawili, mwendeshaji na mpiga mishale. Upinde wao ulitengenezwa kwa tabaka za mti, pembe na kano, mfupi lakini wenye nguvu kuliko upinde wa mti mtupu. Podo za mishale zilifungwa ubavuni mwa gari. Walikimbia kupita mbele ya adui, wakamwaga mishale, wakageuka kabla hajawafikia, wakarudia. Adui akivunjika moyo na kukimbia, hapo ndipo gari lilipotisha kweli kweli, maana mtu anayekimbia kwa miguu kwenye uwanda hawezi kulishinda. Pembeni ya magari walikimbia askari wa miguu, kazi yao kulinda farasi na kuwamaliza walioanguka.

Mapigano ya Kadeshi ndiyo mfano unaojulikana kuliko yote. Mwaka 1274 KK Farao Ramesesi wa Pili aliongoza vikosi vinne, Amuni, Ra, Ptahi na Sethi, kuelekea mji wa Kadeshi kando ya mto Orontes, katika Syria ya leo. Watu wawili wa kabila la Shasu wakamwambia kwamba jeshi la Wahiti, dola ya Uturuki ya leo, bado liko mbali kaskazini. Walikuwa wametumwa. Mfalme wa Wahiti, Muwatalli, alikuwa nyuma ya mji huo huo, amejificha. Ramesesi akatangulia na kikosi kimoja, vingine vikiwa nyuma njiani. Magari ya Wahiti, 2,500 kwa hesabu ya Wamisri wenyewe, yakavuka mto na kukikuta kikosi cha Ra kinatembea bila kujipanga. Kikasambaratika. Waliokimbia wakaingia kambini kwa Farao, Wahiti wakiwafuata.

Kisha Wahiti wakaanza kupora. Walidhani vita imekwisha. Magari yao yalibeba watu watatu, mmoja akiwa na ngao, mazuri kwa kusukuma lakini mazito kidogo kuliko ya Wamisri, na sasa yamesimama katikati ya mahema. Ramesesi akakusanya magari aliyobaki nayo akarudi kushambulia, na kikosi kingine cha Misri kikafika wakati ule ule kutoka upande wa pwani. Siku ikaisha bila mshindi wa wazi, na Kadeshi ikabaki mikononi mwa Wahiti. Ukisoma kuta za mahekalu ya Karnak, Luxor na Abu Simbel utadhani Farao alishinda peke yake, amezungukwa, yeye na farasi wake wawili na mwendeshaji wake anayetetemeka. Miaka kama kumi na sita baadaye falme hizo mbili ziliandikiana mkataba wa amani, na nakala yake imetundikwa Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa, New York.

Bei yake, na udhaifu wake

Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 10, kinataja bei: gari moja kutoka Misri shekeli 600 za fedha, farasi mmoja 150. Jumlisha gari na farasi wawili, ni shekeli 900, na hapo hujamlipa mtu yeyote. Ndiyo maana nyara za magari zilihesabiwa kwa makini. Thutmosi wa Tatu aliposhinda Megido mwaka 1457 KK, makarani wake waliandika magari 924 na farasi majike 2,041. Moja la magari hayo lilipambwa kwa dhahabu, mali ya mkuu wa Megido.

Farasi nao si wa kutoa zizini na kuwafunga nira. Katika magofu ya Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katikati ya Uturuki, yamepatikana mabamba ya udongo yanayoanza kwa kumtambulisha Kikkuli, mkufunzi wa farasi kutoka nchi ya Mitanni. Ni mwongozo wa mafunzo wa siku kwa siku kwa miezi mingi: leo wakimbie umbali huu, usiku wasipewe majani, kesho waogeshwe mtoni, wafunikwe, wapewe shayiri kiasi hiki. Kwa kila gari uwanjani hesabu wapiga mishale waliofundishwa tangu utotoni, waendeshaji, maseremala, watengeneza ngozi, wachunga farasi, wakulima wa shayiri. Kwa maoni yangu hapa ndipo tofauti ya kweli ilipokuwa. Mtu angeweza kuiba gari. Ufalme wa kulilisha hakuweza kuuiba.

Na vipi yale "magari ya chuma" ya Sisera, 900 kwa idadi, katika kitabu cha Waamuzi? Chuma kilitumika kwenye viungo, pengine kwenye ekseli na tairi. Gari lote la chuma lisingevutika. La kuvutia zaidi ni kwamba Biblia yenyewe inaelewa vizuri sana udhaifu wa magari. Waamuzi sura ya 1 inasema watu wa Yuda waliichukua nchi ya milima lakini wale wa bondeni hawakuwaweza, kwa sababu ya magari. Washami katika 1 Wafalme 20 wanashauriana wapigane na Israeli kwenye uwanda, si mlimani. Sisera anaangamia penye mto Kishoni uliofurika, na yeye mwenyewe anashuka garini na kukimbia kwa miguu. Hata Kutoka inasema magurudumu ya Wamisri yalitoka na wakaenda kwa shida. Ukiyasoma kwa pamoja utaona waandishi wa mambo hayo waliijua ardhi: uwanda mkavu ni wa mwenye gari, mlima na tope ni vya mwenye miguu.

Aliyeyaua ni mpanda farasi

Mwaka 853 KK, Karkari nchini Syria, wafalme kadhaa waliungana kumzuia Shalmanesa wa Tatu wa Ashuru. Jiwe la mfalme huyo linawaorodhesha: Hadadezeri wa Damasko magari 1,200 na wapanda farasi 1,200, Ahabu wa Israeli magari 2,000, na mtu aitwaye Gindibu, Mwarabu, ngamia 1,000. Ndiyo mara ya kwanza Waarabu kutajwa katika maandishi. Angalia pia kwamba tayari wapo wapanda farasi wanaohesabiwa kando ya magari.

Walianza kwa kusitasita. Michoro ya Ashuru ya karne hiyo inaonyesha wapanda farasi wakienda wawili wawili: mmoja anapiga upinde, mwenzake anashika hatamu za farasi wote wawili. Ni wafanyakazi wale wale wa gari, mwendeshaji na mpiga mishale, isipokuwa gari limeondolewa katikati yao. Vizazi vichache mbele, mpanda farasi anapiga upinde na kuongoza mnyama wake peke yake. Baada ya hapo gari lilikosa la kujitetea. Farasi mmoja mtu mmoja, anapita kwenye mawe, anavuka vijito, hahitaji seremala. Waashuru walijaribu kuyakuza magari yao, magurudumu makubwa, spoki nane, watu wanne ndani, na kwa kufanya hivyo wakapoteza wepesi uliokuwa sababu ya kuwa nayo.

China ilipita njia hiyo hiyo kwa kuchelewa. Magari ya Anyang, ya enzi za Shang takriban mwaka 1200 KK, yana magurudumu yenye spoki zaidi ya kumi na tano, kazi nzuri ajabu. Mwaka 307 KK mfalme Wuling wa Zhao akawaamuru watu wake wavae suruali kama wahamaji wa kaskazini ili waweze kupanda farasi. Wakubwa walilalamika kwamba ni aibu. Suruali ikashinda.

Neno kuhusu miundu. Yapo magari yaliyofungwa visu virefu kwenye magurudumu, nayo ni ya Waajemi. Dario wa Tatu alikuwa nayo 200 Gaugamela mwaka 331 KK. Askari wa Aleksanda waliwarushia waendeshaji mikuki, wakafungua njia, magari yakapita katikati yao, wakayamaliza kwa nyuma. Sanamu ya malkia Boudica pale karibu na daraja la Westminster, London, ina visu hivyo, lakini hakuna gari la Uingereza ya kale lililochimbwa likiwa navyo. Julius Caesar, aliyeyaona magari ya Waingereza mwaka 55 KK, hataji visu. Anaeleza kwamba gari lilimfikisha mpiganaji, likasubiri pembeni, likamwondoa mambo yakiharibika.

Na Warumi? Hawakupigana kwa magari kamwe. Kwao gari lilikuwa la maandamano ya ushindi na la mashindano. Katika uwanja wa Circus Maximus magari hadi 12 yalizunguka mara saba, waendeshaji wamejifunga hatamu kiunoni na kisu mkandani ili wazikate wakianguka. Gaius Appuleius Diocles, mzaliwa wa Lusitania, alishindana mara 4,257 na kushinda 1,462 kabla ya kustaafu akiwa na miaka 42. Mashabiki waligawanyika kwa rangi, nyekundu, nyeupe, buluu, kijani. Januari 532 BK, huko Konstantinopoli, mashabiki wa buluu na wa kijani waliungana dhidi ya mfalme Justiniani, wakachoma sehemu kubwa ya mji. Wanajeshi waliwafungia uwanjani. Mwanahistoria wa wakati huo, Procopius, anakadiria waliouawa kuwa 30,000.

Na Afrika zaidi ya Misri?

Gari la vita lilipanda mto Nile hadi Kushi, Sudan ya leo, na Wakushi wakawa wafugaji farasi wasifika kiasi kwamba Waashuru waliwataka farasi wa Kushi kwa ajili ya magari yao. Mfalme Piye wa Kushi alipouzingira na kuuteka mji wa Hermopolis katika karne ya 8 KK, alikwenda mwenyewe kukagua mazizi ya mfalme Nimloti aliyeshindwa. Akakuta farasi wamekondeshwa na njaa. Jiwe lake la ushindi linasema kwamba hilo lilimuuma kuliko makosa mengine yote ya Nimloti. Huko el-Kurru, penye kaburi lake, wamezikwa farasi 24 wa Piye na wafalme waliomfuata, wakiwa wamesimamishwa wima.

Magharibi yake, Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anawataja Wagaramante wa Libya waliotumia magari ya farasi wanne. Kwenye miamba ya Sahara, kuanzia Libya na Algeria hadi Niger na Mauritania, kuna michoro mingi ya magari. Miaka ya nyuma watu waliunganisha michoro hiyo kwenye ramani wakachora "barabara za magari" za kusafirisha dhahabu. Chombo cha kilo thelathini na kitu kisingebeba mizigo ya kuvuka jangwa. Yalikuwa ya fahari, mbio na uwindaji.

Kusini zaidi hayakufika, na watu hupenda kulitumia hilo kama ushahidi wa kurudi nyuma. Sababu kubwa ni ndorobo, na maradhi mengine yanayoua farasi katika nchi za joto. Hata karne ya 19 hali ilikuwa hiyo. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe, nia yao kufika Ujiji. Walikuwa na fedha, na magurudumu bora kuliko yote aliyowahi kuona Farao. Ng'ombe wengi wakafa njiani, na mizigo ikabebwa na wapagazi.